Bei Iliyovunja Mzunguko: Mahindi, Ulezi na Udongo wa Ndalambo

Ushauri wa kubadilisha mazao shambani hutolewa nchini kwetu kana kwamba ni habari mpya. Mwaka huu mahindi, mwakani maharage au karanga, mwaka wa tatu alizeti au ulezi, kisha unarudi mwanzo: mkulima huambiwa hivyo kwenye semina, redioni na kwenye mashamba darasa, na akipanda tena mahindi palepale alipovuna mahindi mwaka jana, anahesabiwa kuwa mbishi au hajaelimika. Katika kata ya Ndalambo, wilayani Momba, magharibi ya Tunduma, maelezo hayo hayatoshi. Watu wa eneo hilo na majirani zao walikuwa na mpangilio wa mazao wa kupokezana, uliosukwa kwa ustadi, kabla bwana shamba wa kwanza hajafika na kabla Wazungu hawajachora mpaka kati yao na ndugu zao wa Zambia. Mpangilio huo ulilegea ndani ya miongo michache tu, na haikuwa kwa sababu watu waliusahau. Hoja yangu ni kwamba uliangushwa na bei. Zao moja lilipewa mnunuzi wa uhakika, mbolea ya bei nafuu, reli na barabara. Mazao yaliyokuwa yakipokezana nalo hayakupewa kitu. Mengine yote, pamoja na udongo kuchoka, yalifuata hapo.

Tuanze na ardhi yenyewe. Uwanda wa juu unaoanzia Ufipa, ukapita Umambwe na kuufikia Unyamwanga, iliko Ndalambo, hadi Tunduma, hupata mvua ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, halafu kiangazi cha karibu nusu mwaka. Udongo wake sehemu nyingi ni mkongwe, umeoshwa na mvua kwa muda mrefu, una chachu na rutuba yake haiko chini sana. Iko katika tabaka jembamba la juu na katika mimea inayoota juu yake. Mkulima wa kale aliyetaka ulezi wa kutosha alikuwa na njia mbili za kuipata rutuba hiyo. Penye miombo alikwea miti, akakata matawi, akayarundika mahali padogo na kuyachoma, kisha akapanda katika majivu. Hii ndiyo chitemene, ambayo Wabemba walio kusini zaidi walijulikana nayo kuliko wote. Penye nyasi, miti ikiwa imeshapungua, alifanya kazi nyingine kabisa: alizika nyasi ardhini katika matuta ya duara. Wafipa huita matuta hayo ya duara ntumba, na Wamambwe huiita kazi hiyo fundikila.

Inafaa kuitazama kazi hiyo kwa karibu. Mvua zikielekea ukingoni, kati ya Februari na Aprili, udongo ukiwa bado laini, mkulima hupasua ardhi yenye nyasi vipande vipande kwa jembe la mkono, akavigeuza chini juu, akavirundika hadi nyasi zote zikawa ndani na udongo nje. Linatokea tuta la duara, upana wake kama mita moja, na shamba zima hujaa matuta hayo. Juu yake hupandwa maharage au kunde, zao linaloweza kukomaa kwa unyevu uliobaki. Mvua mpya zikianza mwishoni mwa mwaka, matuta husambaratishwa, nyasi zilizooza zikaenea shamba zima, na ulezi ukamwagwa juu ya ardhi iliyosawazishwa. Baada ya kuvuna ulezi, mabua na magugu huzikwa tena katika matuta, yakapandwa karanga, njugu mawe, maharage au mahindi kidogo, kisha ulezi ukarudi. Mzunguko huo ukishakwenda miaka kadhaa, na magugu ya aina fulani yakianza kuonyesha kwamba shamba limechoka, ardhi huachwa ipumzike na familia ikahamia kipande kingine kilichokwisha kuota nyasi za kutosha.

Kwa nini maharage yatangulie na ulezi ufuate? Sayansi ya udongo ilichelewa kulijibu swali hilo, lakini jibu lake ni zuri. Nyasi kavu zikizikwa, vijidudu vinavyoziozesha vinahitaji naitrojeni, na kwa miezi ya mwanzo vinaichukua ile iliyopo ardhini, mazao yakakosa. Nafaka ikipandwa wakati huo itageuka njano. Mimea ya jamii ya kunde haijali sana, kwa kuwa inajitafutia naitrojeni yake hewani kwa msaada wa bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi. Nyasi zikishaoza, naitrojeni iliyokuwa imeshikwa inaachiwa, na hapo ndipo ulezi unapoingia. Ulaya ilithibitisha kazi ya vinundu hivyo mwaka 1886, pale Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walipotangaza majaribio yao nchini Ujerumani. Wakulima wa huko walikuwa wamekwisha kuzungusha ngano, tanipu, shayiri na klova kwa muda mrefu bila kujua sababu. Mkulima wa Ufipa au Umambwe hakuijua sababu pia. Alijua mpangilio. Hata Wamatengo wa Mbinga, mbali kule Ruvuma, walifika mahali hapohapo kwa njia yao: katika mashimo yao ya ngoro nyasi hufukiwa, maharage yakatangulia na mahindi yakafuata. Watu waliotengana kiasi hicho hawafikii mpangilio mmoja kwa kubahatisha.

Ushahidi kwamba mfumo huu ulikuwa na nguvu unatoka kwa wanazuoni waliofanya kazi upande wa pili wa mpaka. Audrey Richards, katika kitabu chake cha mwaka 1939 kuhusu Wabemba, alieleza vijiji vilivyoyumba wanaume walipokwenda kwenye migodi ya shaba ya Copperbelt, kwa sababu kukwea miti na kukata matawi ilikuwa kazi ya wanaume, na wasipokuwapo hakuna bustani mpya. William Watson, akiandika mwaka 1958 kuhusu Wamambwe, alikuta hali tofauti: wanaume wengi walikuwa ugenini na kilimo kikaendelea, kwa kuwa kufukia nyasi kuliweza kufanywa na wanawake na wanaume wachache waliobaki. Kwa maneno mengine, mzunguko wa nyasi, kunde na nafaka ulistahimili kodi ya kichwa, ajira za mbali na utawala wa kigeni. Ikiwa ulistahimili yote hayo, lazima tuulize ni kitu gani chenye nguvu zaidi kilichokuja baadaye.

Hata hivyo, asije mtu akaipamba zamani hiyo kuliko ilivyokuwa. Mzunguko ule ulihitaji ardhi tele, kwa sababu mwaka wowote ule sehemu ya mashamba ilikuwa imelala. Ulihitaji mgongo pia. Kugeuza nyasi kwa jembe la mkono mwishoni mwa mvua ni kazi nzito, na ulezi wenyewe ni zao la adha: palizi yake ni ya kung'oa magugu yanayofanana na mche, ndege huuvamia, na masuke huvunwa moja moja kwa kisu. Mahindi yana maganda yanayoyakinga na ndege, yanapaliliwa kwa jembe, yanakaa shambani yakimsubiri mwenye nayo. Anayelalamika kwamba watu waliutupa ulezi kwa kupenda vya kisasa hajawahi kufikiria ni nani aliyekuwa akiupalilia. Wanawake walikuwa na sababu nzuri ya kulipokea zao jipya, na historia yoyote ya mzunguko wa mazao isiyolitaja jambo hilo ina upungufu.

Serikali za kikoloni zilikuwa na jicho kali kwa miti na jicho zito kwa nyasi. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, na kazi ya kuweka alama za mpaka iliyofanyika 1898, viliwagawa Wanyamwanga pande mbili, baadhi chini ya Wajerumani, wengine chini ya Kampuni ya British South Africa. Upande wa kusini, kampuni hiyo ilijaribu mwaka 1906 kuzuia chitemene na kuwakusanya watu katika vijiji vikubwa. Njaa na manung'uniko yakailazimisha kulegeza amri ifikapo 1909. Kwa nusu karne iliyofuata maofisa wa kilimo wa Afrika ya Mashariki na Kati walihubiri mzunguko wa mazao kama mali yao. Katika Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, mmishonari Mmarekani Emory Alvord aliufanya kuwa sharti la mkulima bora: mahindi yenye samadi, mahindi tena, jamii ya kunde, kisha ulezi. Tanganyika baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikawa na miradi ya kuhifadhi udongo kwa amri na faini, na ile ya Uluguru ikaishia katika ghasia za mwaka 1955. Somo la miaka hiyo lingepaswa kuwa wazi. Ushauri unaoletwa na askari, hata ukiwa sahihi, unajenga chuki dhidi ya kitu ambacho mkulima angekifanya mwenyewe kama kingemlipa.

Wakati huohuo mahindi yalikuwa yanaingia kimyakimya, yakifuata mdomo wa mfanyakazi. Machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, yaliyoanza miaka ya 1920, yalihitaji unga wa kulisha vibarua. Migodi ya Copperbelt vilevile. Kibarua alipewa posho ya mahindi, akazoea ugali wa mahindi, akarudi nao nyumbani. Lakini hadi uhuru mwaka 1961, katika uwanda wa Ndalambo mahindi yalikuwa bado mgeni ndani ya mzunguko wa wenyeji. Yalipewa nafasi yake kwenye matuta na bustani za karibu na nyumba, zamu ikapita.

Mambo yaligeuka katika muongo wa 1970, na yaligeuka kwa kasi. Rhodesia ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia ya kwenda baharini kupitia Tanzania, na Tunduma ikawa lango. Barabara kuu ya kwenda Zambia ikawekwa lami. Reli ya TAZARA ikajengwa kuanzia 1970, ikafika upande wa pili 1975 na kukabidhiwa rasmi 1976. Katikati ya ujenzi huo nchi ilikumbwa na ukame na uhaba wa chakula wa 1973 hadi 1975, fedha za kigeni zikaishia kununua nafaka nje. Miaka hiyohiyo hatua tatu za serikali zikakutana shambani. Operesheni Vijiji iliwakusanya watu pamoja, mashamba yakasogezwa karibu na kijiji, mengine yakalimwa bega kwa bega. Bei ya mahindi ikawa moja nchi nzima, kwa hiyo mkulima wa Mbozi au Sumbawanga alilipwa sawa na wa Morogoro ingawa gunia lake lilikuwa na mamia ya kilomita za kusafiri; gharama hiyo ilibebwa na Shirika la Usagishaji la Taifa. Na mwaka 1975 ukaanza Mradi wa Taifa wa Mahindi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukipeleka mbegu na mbolea vijijini kwa bei iliyopunguzwa.

Tuyaweke mambo hayo machoni pa mwenye shamba. Mahindi yana mnunuzi anayekuja hadi kijijini, bei inajulikana kabla ya kupanda, na mbolea inakopeshwa. Ulezi hauna chochote kati ya hivyo, ila soko la pombe. Maharage yana soko, lakini bei yake inapanda na kushuka. Shamba la kupumzisha liko mbali na kijiji kipya. Mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Angepanda mahindi, na angeyapanda tena. Ndani ya miaka michache mikoa minne ya Nyanda za Juu Kusini, yaani Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, ikawa ghala la taifa. Ndalambo wakati huo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbozi, mkoa wa Mbeya. Momba ilipata wilaya yake mwaka 2012, na mkoa wa Songwe ukazaliwa 2016. Sifa ya ghala la taifa iliandikwa kwa jasho la wakulima hao, na sioni sababu ya kuibeza: miji ilikula. Ila ghala hilo lilikuwa na deni ambalo halikuandikwa popote.

Deni hilo linahesabika. Tani moja ya punje za mahindi huondoka shambani na naitrojeni ya takriban kilo 15. Ekari inayotoa magunia 20 ya kilo 100 imetoa tani mbili, yaani kilo 30 za naitrojeni zilizopakiwa kwenye lori pamoja na mahindi, achilia mbali fosforasi na potasiamu, wala mabua hatujayahesabu. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, na si yote inayofika kwenye mzizi. Mvua za Januari hupeleka sehemu yake chini. Hivyo hata mkulima anayetia mfuko mmoja kwa ekari anakopa kwa udongo. Halafu kuna suala la chachu. Mbolea iliyosambazwa sana miaka ile ilikuwa salfeti ya amonia, S/A kama wakulima walivyoiita, iliyotengenezwa katika kiwanda cha Tanga. Ni mbolea inayoongeza chachu kuliko nyingi, nayo ilimwagwa kwenye udongo uliokuwa na chachu tangu zamani, bila chokaa ya kuusawazisha. Udongo wenye chachu kali huachia alumini, alumini hudumaza mizizi, na mizizi iliyodumaa haifiki hata kwenye mbolea iliyotiwa. Mkulima huona shamba limezoea mbolea, kwamba bila mbolea halitoi kitu na ikitiwa linatoa kidogo. Maelezo ya kikemia ni marefu zaidi, ila hali ni hiyohiyo aliyoiona.

Kisha mkono uliolilea zao hilo ukaondolewa. Mageuzi ya uchumi yaliyoanza 1986 yalimaliza bei moja nchi nzima. Ruzuku ya mbolea ikapunguzwa hatua kwa hatua kuanzia 1990/91 hadi ikaisha katikati ya muongo huo. Mkulima wa pembezoni aliyeshawishiwa kuweka mayai yake yote katika kapu la mahindi sasa alilipwa bei ya mahali pake, nauli imeshakatwa, na mbolea aliinunua kwa bei ya dunia. Ingetarajiwa hapo kwamba mzunguko wa zamani ungerudi wenyewe, na kwa sehemu ulirudi. Maharage yalipata nguvu. Mtaalamu Johan Pottier alikuwa amekwisha kuandika, mwaka 1988, jinsi biashara ya maharage ilivyokuwa imewabadilisha Wamambwe wa Zambia, ng'ambo tu ya mpaka; na kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, kilikuwa kimetoa mbegu bora kama Kabanima na Uyole 84. Lakini nyasi za kuzika hazikurudi. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka, ng'ombe wa kulima na wa kulisha walikuwa wengi, na ardhi ya kulaza miaka mitano kwa familia nyingi haikuwepo tena. Kilichorudi ni nusu ya mfumo: kunde zilirudi, mapumziko hayakurudi.

Ruzuku nayo iliporudi, ilirudi na tabia yake ileile. Mpango wa vocha ulioanza 2008/09 ulimpa mkulima mfuko mmoja wa urea, mbolea ya kupandia, na kilo 10 za mbegu ya mahindi, au mbegu ya mpunga kwa wa mabondeni; vyote kwa ekari moja. Hakukuwa na vocha ya mbegu ya karanga. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, unaponunua nafaka kwa akiba ya nchi, kinachobeba uzito ni mahindi. Bei ya mbolea ilipopanda duniani 2021 na 2022 hadi mfuko ukapita shilingi laki moja, serikali ilirudisha ruzuku msimu wa 2022/23, na ilikuwa sahihi kuwaokoa wakulima. Nasema tu kwamba mara kadhaa ndani ya nusu karne dola imefungua mfuko wake kwa ajili ya shamba, na zao lililonufaika zaidi limekuwa lilelile, huku vipeperushi vya dola hiyohiyo vikimwambia mkulima abadilishe mazao. Mkulima husikiliza fedha kuliko karatasi, na hakosei.

Yuko atakayesema: basi tatizo ni mbolea kutotosha tu, ikitosha, mzunguko si lazima. Hoja hiyo ina shahidi mzito. Huko Rothamsted, Uingereza, shamba la Broadbalk limepandwa ngano mfululizo tangu 1843, na sehemu zinazopewa virutubisho kamili zinaendelea kutoa mazao mazuri. Inawezekana, kwa hiyo, kupanda nafaka moja karne baada ya karne. Lakini tuangalie masharti. Udongo wa pale umewekewa chokaa vya kutosha, virutubisho vyote hupimwa, na magugu na magonjwa hudhibitiwa kwa gharama ambayo mtafiti hailipi mfukoni mwake. Na tangu mwaka 1968 sehemu za shamba hilo zilipoingizwa katika mzunguko, ngano inayofuata baada ya mapumziko imekuwa ikiipita ile inayofuata ngano nyingine, kwa mbolea ileile. Kwa hiyo hata mahali penye mbolea ya kushiba, mzunguko unaongeza kitu ambacho mfuko hauna: unakata maisha ya magonjwa yanayosubiri mizizi na mabua ya aina moja. Ugonjwa wa mahindi wa madoa ya kijivu ya majani, unaowasumbua wakulima wa Nyanda za Juu Kusini, hulala kwenye mabaki ya mahindi ukisubiri mahindi mengine.

Pingamizi la pili ni la mtu anayejua shamba: mbona tunachanganya? Mahindi na maharage mstari kwa mstari, si ni mzunguko wa mwaka mmoja? Kuchanganya ni busara, hasa kwa mwenye ekari moja, kwa sababu zao moja likishindwa jingine hubaki. Hata hivyo mahindi yanabaki palepale kila mwaka, na magonjwa yake pia. Tena maharage ya kawaida ni dhaifu katika kazi ya kuvuta naitrojeni hewani yakilinganishwa na karanga, soya au mbaazi, na fosforasi ikikosekana huwa dhaifu zaidi. Ongeza namna yanavyovunwa: hung'olewa na mizizi yake, yakafungwa mafungu, yakabebwa hadi uwani, yakapigwa kwa fimbo, na maganda yakaachwa hapo yaliwe na mbuzi. Naitrojeni ndogo iliyopatikana imehamia uwani. Wataalamu wanaolihubiri haragwe kama dawa ya udongo wangemwomba mkulima akate shina kwa mundu na kuacha mizizi ardhini, au arudishe maganda shambani, kabla hawajamwahidi rutuba. Na wasimwahidi kinga dhidi ya kila kitu. Viwavijeshi vamizi, walioingia nchini mwaka 2017, ni watoto wa nondo anayeruka usiku kilomita nyingi. Shamba lako kuwa na karanga mwaka jana hakumzuii.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu kuliko yote, nalo ni la soko. Kumwambia mkulima aweke theluthi ya ardhi katika zao jingine ni kumwambia auchukue mzigo wa hatari ya zao hilo. Mwaka 2017 wakulima wa mbaazi wa Tanzania waliijua maana ya jambo hilo. India, mnunuzi wao mkuu, iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingizwa kutoka nje mwezi Agosti, na bei ikaporomoka hadi mahali pengine ikawa haifai hata kulipia uvunaji. Mbaazi kwa udongo ni miongoni mwa mazao bora kabisa: mizizi yake inakwenda chini, majani yake yanadondoka na kurutubisha. Udongo ulifaidika, mwenye nao akaumia. Mahindi nayo hayana kinga kamili; serikali ilizuia kuyauza nje mwaka 2011 na tena 2017, na kijiji kilicho jirani na mpaka wa Tunduma huhisi amri kama hiyo haraka kuliko kijiji cha Dodoma. Tofauti ni kwamba mahindi yasipouzwa yanaliwa mwaka mzima. Mbaazi au alizeti ghalani haviishibishi familia ya watoto sita. Hiyo ndiyo sababu mkulima mdogo hukata kwanza zao la zamu anapobanwa, na kulibakiza la chakula.

Ukipima hivyo, zao lenye nafasi kubwa ya kurudisha mzunguko katika uwanda huu ni maharage, pamoja na udhaifu wake wa naitrojeni, kwa sababu mbili zisizohusu udongo kabisa: yanaliwa nyumbani, na mpaka wa Tunduma una wanunuzi wake kutoka Zambia hadi Kongo. Karanga zinafuata, zikikwamishwa na mbegu, maana ekari moja ya karanga hula makumi ya kilo za mbegu na mwenye njaa ya Januari hujikuta ameila. Barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, iliyojengwa kwa fedha za shirika la Marekani la MCC katika miaka ya 2008 hadi 2013 na kuendelezwa baada ya hapo, imesogeza malori karibu na uwanda wote. Lori lilelile linalobeba mahindi linaweza kubeba maharage, na gunia la maharage, likiwa na thamani kubwa kwa uzito uleule, linahimili nauli vizuri zaidi. Miaka ya 1970 nauli ya mahindi ililipwa na serikali. Leo analipa mkulima, na hesabu hiyo kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu inaegemea upande wa kunde.

Limebaki jambo la ardhi, ambalo semina hulipita haraka. Sehemu ya mashamba ya uwanda huu leo hulimwa kwa kukodi, msimu kwa msimu, baina ya watu wanaojuana, mara nyingi bila maandishi. Mpangaji wa msimu mmoja hana sababu ya kupanda zao linaloacha faida kwa mwaka ujao, kwa kuwa mwaka ujao shamba linaweza kuwa la mwingine. Atapanda mahindi, atie mbolea ya kukuzia, avune, aondoke. Mwenye shamba naye hupokea fedha kabla ya mvua na haulizi kitu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inayatambua makubaliano ya kukodishana. Hakuna kinachozuia makubaliano hayo kuwa ya misimu mitatu, yakataja mahindi mwaka wa kwanza, maharage au karanga wa pili, na kodi ikapungua katika mwaka wa kunde kwa kuwa anayefaidika na rutuba itakayobaki ni mwenye ardhi. Karatasi ya namna hiyo, ikishuhudiwa na serikali ya kijiji, ina gharama ndogo kuliko mfuko mmoja wa urea.